Muhuri Uliokatwa kwa Mkasi

Mambo yaliharibika kwenye kahawa ya sikukuu ya kijiji, nyumbani kwa Roswitha, keki zikiwa zimeliwa nusu na Edeltraud akiwa ameshateremsha pombe ya mayai zaidi ya ile aliyomiminiwa. Alikuwa jirani, mwenye umri wa miaka themanini na nane, na katika kijiji cha Hasselroda hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumwambia anyamaze.

"Roswitha, hebu mtazameni," akasema, akimwonyesha mwenye nyumba kwa kijiko. "Themanini kamili, na uso hauna hata mkunjo. Ni damu hiyo. Damu ya Kifaransa haizeeki."

Kerstin, mkwe wa Roswitha, akaiwahi sinia ya keki.

"Bi Edeltraud, chukua kipande kingine. Hiki cha mbegu za popi hujakionja."

"Nimekionja. Kikavu. Na msinikatize, nasema yanayojulikana. Ewald, mume wa Frieda mama yake huyu, alikuwa vitani; mara ya mwisho kuonekana hapa ilikuwa Krismasi ya mwaka arobaini na mbili. Mtoto akazaliwa Juni ya arobaini na nne. Hata mie nisiyesoma hesabu naona pengo. Marehemu mama yangu alimwona Frieda kwa macho yake: kila Jumapili, gauni zuri, juu ya baiskeli, na kopo la supu limefungwa nyuma. Anakwenda wapi? Bondeni, kwenye kiwanda cha sukari, kwa yule mateka wa Kifaransa. Kumlisha supu! Wakati watoto wa hapa tunakula maganda!"

Mtu mmoja akacheka, kisha akajifanya anakohoa. Roswitha alikuwa ameshika birika la kahawa. Akamalizia kummiminia jirani wa kulia, akalirudisha birika juu ya kitambaa chake, akasema anakwenda kuleta maziwa. Hakurudi. Wageni walipoondoka, Kerstin alimkuta chumbani amekaa kitandani na viatu vyake vya sikukuu miguuni.

"Mama, yule mzee amelewa. Usimsikilize."

"Amelewa leo. Mama yake hakuwa amelewa. Mwalimu wangu hakuwa amelewa. Yule mama wa dukani aliyekuwa akimhudumia mama yangu baada ya watu wote, hakuwa amelewa." Roswitha akavua kiatu kimoja, akakishika. "Mimi ni kizee, Kerstin. Nataka nijue mimi ni mtoto wa nani kabla sijaingia udongoni. Basi. Sitaki kingine."

*

Wiki ile ile mtambo wa kupasha nyumba joto ukafa. Fundi akaja, akaugonga, akatikisa kichwa kama daktari anayeondoka bila kuandika dawa. Henning, mtoto wa pekee wa Roswitha, alikuwa amepunguziwa zamu kazini. Alikaa jikoni amevaa koti, mbele yake bati kuukuu la biskuti ambalo bibi yake Frieda aliliacha alipofariki.

"Kuna mtu mjini Naumburg ananunua hivi vitu," alimwambia mkewe. "Daktari wa meno, amestaafu. Nebelung. Hati za nishani za vita, kwake ni dhahabu."

"Hizo ni za babu yako."

"Babu yangu au si babu yangu, hatujui. Lakini baridi tunaijua."

Alisema hivyo bila kujua kwamba mama yake amesimama mlangoni. Masikio yakamwiva.

"Zipeleke," Roswitha akasema. "Lakini nakwenda na mimi. Na kabla hajatoa mfukoni hata senti, huyo daktari atanisomea kilichoandikwa humo, neno kwa neno. Maandishi yale ya zamani mimi siyawezi, na mama hakuwahi kunisomea."

"Mama, kuna njia za kisasa. Watu wanapima mate, wanajua ukoo wao."

"Wapime mate yangu na ya nani? Ewald alikuwa na kaka mmoja, naye alikufa kabla hajaoa. Nyumba yao ilikwisha. Zimebaki karatasi nne."

*

Daktari Nebelung alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mdomoni kabla hajamtazama machoni. Aliwakaribisha kwenye chumba kilichojaa makabati, akawapa chai, akavaa glavu za pamba, akafungua bati. Akazitandaza zile hati mezani, na uso wake uliokuwa umechangamka ukanywea.

"Zimekatwa," akasema.

Kweli, kila hati ilikuwa na tundu.

"Pole sana, Bwana Döring," akamwambia Henning. "Wakusanyaji hawanunui hati iliyokatwa. Ingekuwa nzima tungezungumza. Hivi ilivyo, ukiipeleka sokoni watakucheka."

Henning akaanza kuvaa kofia. Alijiona mjinga kuja mjini na bati la biskuti, mkewe na mama yake wameketi nyuma yake wamevaa nguo za kanisani. "Basi tusikupotezee muda, Daktari."

"Kaa chini," mama yake akamwambia. "Mimi sikuja kuuza. Daktari, nani alizikata?"

"Mama yako bila shaka. Na si yeye peke yake. Wamarekani walipoondoka huku na Warusi wakaingia, ilisemekana atakayekutwa na alama ya swastika ya Wanazi nyumbani atajieleza. Nusu ya wanawake wa mkoa huu walikaa jikoni na mkasi, wanaitoboa. Wengine walichoma kila kitu. Mama yako alikuwa na moyo: alikata, lakini hakuchoma."

"Nisomee."

Akasoma. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayependa kusikilizwa, lakini kadiri alivyoendelea alipunguza mbwembwe, kwa sababu Roswitha alikuwa akimkodolea macho bila kupepesa. Ewald Harnisch, askari wa miguu. Msalaba wa Chuma, daraja la pili. Daktari akawaonyesha saini ya jenerali, wino wa kweli, na namna kalamu ilivyokwaruza karatasi pale mkono ulipoharakisha. Akawaonyesha namba ya kikosi, na kutokana na namba hiyo akatoa kitabu kabatini, na kutokana na kitabu akaweka kidole kwenye ramani: hapa masika, hapa wakati wa matope, hapa kwenye theluji. Roswitha alikifuata kidole kile kinywa wazi. Tangu azaliwe, baba yake alikuwa jina tu. Sasa alikuwa mtu anayevuka mto fulani, siku fulani.

"Na hii?"

"Hii ni ya beji ya mashambulizi. Hupewa aliyeshambulia mstari wa mbele, silaha mkononi, siku tatu mbalimbali."

"Kwa hiyo aliua."

Daktari akaiweka chini lenzi yake. "Karatasi haisemi hivyo, bibi."

"Wewe unasemaje?"

"Hii haikupewa wapishi. Nadhani aliua. Tena katika nchi ya watu waliokuwa hawajamwita."

Henning akamgusa mama yake bega. "Umesikia, Mama? Ndiye unayemtaka huyo?"

"Sikuja kuchagua baba, Henning. Nimekuja kuuliza kama ni yeye." Akasogeza karatasi mbili zilizobaki. "Endelea, Daktari."

Moja ilikuwa ya beji ya majeruhi, nyeusi, ya kuumia mara ya kwanza. Ya mwisho ilikuwa ya beji ya fedha, na hiyo daktari aliishika kwa muda.

"Kuumia mara ya tatu. Julai, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na tatu, Urusi. Na hati yenyewe imetolewa tarehe ishirini Septemba mwaka huo huo."

Kila mmoja alikuwa akihesabu kimoyomoyo, kuanzia Septemba kwenda Juni. Kerstin, ambaye ni muuguzi, alifika wa kwanza kwenye tisa. Akamshika mama mkwe wake mkono.

"Imetolewa wapi?" akauliza.

"Ndiyo shida. Beji kama hii mara nyingi ilitolewa na hospitali alikolazwa mtu, na muhuri wa hospitali ndio ungetuambia. Muhuri hakuna. Jina la mji nalo lilikuwa hapa kabla ya tarehe, limekwenda na mkasi." Akapitisha kidole kwenye lile tundu, akaona glavu yake upande wa pili. "Inaweza kuwa Smolensk. Inaweza kuwa Warsaw, Vienna, popote."

"Popote maana yake hatujui," Henning akasema, na safari hii hakukuwa na kiburi katika sauti yake.

Roswitha akachukua koti lake. Alikosea mkono wa koti mara mbili. Kerstin, asipate la kumwambia, akaanza kuzikunja hati kwenye mikunjo yake ya zamani azirudishe kwenye bati. Akasita.

"Daktari, huu uchafu ni nini? Hapa juu, unaelekea rangi ya samawati."

Daktari aliinyakua ile karatasi bila hata kusema samahani. Akaikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Nusu ya chini ililala juu ya nusu ya juu, na lile tundu likaangukia sawasawa juu ya ule uchafu.

"Mungu wangu," akasema. "Waliikunja wino haujakauka! Muhuri umejichapa upande wa pili. Umegeuka, lakini upo. Mama yako alikata muhuri akaacha kivuli chake!"

Akakimbilia droo, akatoa kile kioo kidogo cha kutazamia magego, akakiinamisha juu ya karatasi. Herufi zikaonekana moja moja. Hakuwa na subira nacho. Akatoka, wakasikia anabomoa kitu bafuni, akarudi na kioo cha kunyolea kikiwa na skrubu zake na povu kavu pembeni.

"Nipe mimi," Roswitha akasema.

"Herufi zimefifia, bibi, acha mimi niliyezoea..."

"Nipe mimi, nimesema. Muhuri si mwandiko."

Akainama, pua yake karibu iguse kioo. Walisikia pumzi zake. Alisoma polepole kuzunguka duara, kama mtoto wa darasa la kwanza, na kila neno alilitaja mara mbili.

"Hospitali... Hospitali ya Akiba ya Jeshi. Kösen." Akanyanyua kichwa. "Kösen?"

"Kösen," Kerstin akanong'ona. Wote walikuwa wamepita Kösen asubuhi ile ile wakija. Kutoka Hasselroda ni mwendo wa baiskeli, kupitia bondeni.

"Kuna maneno mengine chini ya huyu ndege tai wa muhuri. Kitengo... Kitengo cha Taya."

Daktari Nebelung akatafuta kiti akakaa. Alikuwa ameutumikia mdomo wa binadamu maisha yake yote, na alionekana kama mtu aliyeitwa jina lake na mgeni barabarani.

"Nilifundishwa na mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye wodi za namna hiyo," akasema. "Waliletwa vijana waliofumuliwa uso. Walichobakiwa nacho kilishikizwa kwa waya, juu na chini. Miezi. Hawawezi kutafuna, hawawezi kusema likaeleweka. Walikuwa wanapewa supu tu, kwa mpira, kidogo kidogo."

"Supu," Roswitha akasema.

Alisema neno hilo moja, kisha akaweka viganja vyote viwili usoni. Kerstin na Henning walitazamana. Kila Jumapili, gauni zuri, baiskeli, kopo la supu. Kijiji kizima kilikuwa na ushahidi muda wote huo, kikautumia kumtukana Frieda.

Henning akamgeukia daktari, akikwepa macho ya mama yake.

"Daktari, samahani. Mtu aliye hospitalini, katika hali hiyo... anaweza kweli...?"

"Kösen kulikuwa na bustani, Bwana Döring, na nyumba za wageni, na Septemba kuna joto la kutosha. Kilichofungwa waya kilikuwa taya tu."

Kerstin akaangua kicheko, akaziba mdomo, akakuta mama mkwe wake naye anacheka, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Lo, Henning!" Roswitha akasema. "Mbele ya mama yako!"

*

Lakini Roswitha hakuondoka. Kicheko kilipokwisha akaomba hati zote nne zilazwe kwa mstari, akayatazama matundu yake. Macho yake hayakuweza maandishi ya zamani, ila ya mkasi aliyaweza. Alikuwa fundi cherehani tangu ujana.

"Daktari, tazama hapa. Kwenye hizi tatu amekata nini?"

"Swastika. Ile ndogo chini ya tai."

"Tundu la ukucha. Tai amebaki, maneno ya kikosi yamebaki. Mama alikuwa bahili, hakukata asichohitaji kukata. Na hapa?" Akaweka kidole kwenye ile ya fedha. "Hapa ametoa muhuri mzima. Kisha akarudi akatoa na jina la mji, na hilo halina swastika yoyote. Ona alivyofuata mstari. Hakuwa na haraka, mkono haukutetemeka. Hapa hakuwa akiogopa Warusi."

Daktari aliinama, akatazama kwa lenzi, akavua miwani. Alikuwa amezishika hati kama hizo kwa mamia na hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Wengi wa wale vijana hawakutaka kuonwa," akasema taratibu. "Vioo viliondolewa ukutani. Wapo waliokataa watoto wao waletwe. Wapo waliowaapisha wake zao: usimwambie mtu niko hapa, usimwambie mama yangu, usimwambie jirani."

"Alimwapisha," Roswitha akasema. "Akarudishwa vitani, akapotelea Romania, na mama akabaki na kiapo. Mimi nikazaliwa. Wakaanza kusema."

Hapo mshangao ukawashika wote wanne, na haukuwa tena wa majenerali wala ramani. Walikuwa wakimwona mwanamke mmoja mezani jikoni, na mkasi, na mimba iliyokwisha kuwa mtoto wa mwaka mmoja anayelia sakafuni, na karatasi pekee ya kumtetea mkononi mwake. Angeweza kuipeleka dukani, akaiweka juu ya mizani mbele ya wale waliokuwa wakimhudumia mwisho. Badala yake aliikata pale pale ilipokuwa ikisema ukweli, akaikunja, akaitia kwenye bati.

Daktari aliwasindikiza hadi kwenye gari. Alimfungulia Roswitha mlango, na kabla hajaufunga akasema angependa, kama bibi ataruhusu, kumlipa kwa ruhusa ya kuipiga picha ile hati. Roswitha akamshukuru, akakataa. Henning aliufikiria mtambo wa joto, akawasha gari.

*

Jumapili Edeltraud alikuja na keki ya plamu. Ndiyo iliyokuwa njia yake ya kuomba radhi. Maneno yenyewe hayakuwahi kumtoka. Walimkaribisha sebuleni, wote wamevaa makoti, hita ndogo ya umeme iliyoazimwa kwa dada yake Kerstin ikiwaunguza miguu na kuwaacha migongo baridi.

"Nasikia mlikwenda kwa Nebelung," akasema hata kabla hajakaa sawa. "Na zile karatasi za Ewald. Haya, mmegundua nini?"

Henning alikuwa amelisubiri swali hilo tangu siku ile. Aliegemea mbele, uso umemng'aa. Mama yake akamwekea mkono juu ya goti.

"Tumegundua hazina bei," Roswitha akasema.

"Hilo tu?"

"Mama, mwambie!"

"Nimwambie nini, Henning? Hebu mkatie Edeltraud keki, usimkatie kipande cha pembeni."

Edeltraud akawatazama mmoja mmoja, akinusa kitu asichokiona. "Kwa hiyo mambo ni yale yale."

"Ni yale yale. Kahawa?"

Mgeni alipokwisha kuondoka, akisaidiwa na Kerstin kushuka ngazi, Henning alisimama akazunguka chumba kizima.

"Maisha yako yote wanakutukana! Jibu unalo! Lipo pale kabatini! Neno moja tu, na yule kizee angetafuta pa kuificha sura yake!"

"Mimi nilitaka kujua, nimejua. Sasa nalala usingizi. Hilo lilikuwa langu." Roswitha alikuwa akikusanya makombo ya keki kwa kiganja. "Lakini uso ule ni wa Ewald, na kiapo ni cha mama. Nikimwambia Edeltraud leo, kesho kijiji kizima kinamwazia baba yangu hana taya, kila mtu anamchora anavyotaka. Mama alikubali aitwe malaya ili baba asichorwe. Aliitwa hivyo hadi anakufa, Henning. Nami pia nilikuwa namwazia hivyo. Mimi, mwanawe. Alijua kwamba namwazia hivyo, na bado hakuniambia."

Kerstin alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, hajui aingie au atoke.

Henning akakaa. Alimkumbuka bibi yake Frieda: kikongwe mfupi mwenye aproni, aliyekuwa akimgombeza kwa kumenya viazi maganda mazito, ambaye yeye na wenzake walikuwa wakimwigiza anavyotembea. Miaka yote ile alikula mezani pake, akapita mbele yake na viatu vya matope. Aliona haya kubwa, haya ya kumfanya ainamishe kichwa, kwamba hata mara moja hakuwahi kusimama kwa heshima bibi huyo alipoingia.